Kuhamisha kompyuta ya zamani kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 bila kupoteza faili: mwongozo kamili

Kompyuta nyingi ninazoletewa zikidaiwa kufa baada ya mwenyewe kujaribu kuhamia Windows 11 huwa hazijafa. Mwenyewe alisoma kwamba mfumo mpya unadai Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachoiwasha kompyuta) na TPM 2.0 (kifaa cha kutunza funguo za usalama), akaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, akawasha alichoelekezwa kuwasha, na tangu hapo skrini inamwambia kwamba hakuna diski ya kuwakia. Fundi wa jirani humwambia kwamba dawa ni kupiga Windows upya. Picha za familia, hesabu za duka na tasnifu iliyobakiza sura moja hufutwa, ilhali kosa lenyewe lilikuwa la kurekebishwa kwa dakika 2.

Kosa hilo ni la mpangilio wa hatua. Mpangilio wa diski hugeuzwa kwanza, ndipo BIOS ibadilishwe, na anayeanza na BIOS hukwama karibu kila mara. Kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanaijaribu kazi hii kwa haraka, na ndiyo maana nimeiandika hatua kwa hatua pamoja na sababu ya kila hatua.

## Kama tayari umekwama

Usikubali mtu afute diski. Ingia tena kwenye BIOS, zima Secure Boot, rudisha namna ya kuwasha kuwa "Legacy" au washa tena "CSM" (yote mawili ni mtindo wa zamani wa kuwasha), hifadhi, kisha washa kompyuta. Windows 10 itarudi na faili zako zote, kwa sababu kubadilisha mipangilio ya BIOS hakufuti chochote kwenye diski.

Ukiona skrini ya bluu inayodai ufunguo wa BitLocker, yaani kinga ya Windows inayoifunga diski, rudisha pia mipangilio ya TPM ilivyokuwa mwanzo. Mara nyingi dai hilo huondoka lenyewe. Ukishaingia ndani salama, anza upya kutoka Hatua ya 1.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha faili zako zote.
- Fleshi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, ambayo itakuwa mkombozi wako iwapo kompyuta haitawaka. Itayarishe kwa Rufus, programu iliyoelezwa Hatua ya 6.
- Faili ya ISO ya Windows 11, yaani faili moja inayobeba usakinishaji mzima, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ina zaidi ya gigabaiti 5, kwa hiyo hesabu bando lako mapema. Ukiipakua mara moja unaweza kuitumia kwa kompyuta zote za nyumbani au za ofisini.
- Nafasi tupu kwenye diski C. Mimi sianzi kazi ikiwa chini ya gigabaiti 30.
- Chaja na betri inayoshika chaji, au UPS kwa kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, hasara ni ya kweli.
- Akaunti ya Windows yenye mamlaka ya msimamizi.
- Simu ya kupigia picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kuubadilisha.

Usipakue wala usinunue matoleo ya Windows "yaliyopunguzwa uzito" yanayozunguka kwenye fleshi za watu. Hujui kilichotolewa ndani yake, na hujui kilichoongezwa. Leseni ya Windows 10 iliyoamilishwa kihalali inatosha kwa Windows 11 ya toleo lile lile, yaani Home kwenda Home na Pro kwenda Pro, bila malipo.

## Hatua ya 1: Ijue kompyuta yako iko kundi gani

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha ingia. Andika kwenye karatasi mambo manne: aina ya mfumo, jina kamili la prosesa, maneno yaliyo mbele ya "BIOS Mode", na yale yaliyo mbele ya "Secure Boot State". Baada ya hapo fungua `tpm.msc` kwa njia hiyo hiyo, utazame toleo la TPM chini ya "Specification Version".

Kwa prosesa za Intel, tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi. i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Microsoft inakubali kizazi cha 8 na kuendelea, ukiondoa prosesa chache sana za kizazi cha 7. Kwa AMD, mfululizo wa Ryzen 2000 ndio mwanzo wa orodha, lakini si kila prosesa ya mfululizo huo imo, hivyo linganisha jina kamili na orodha ya Microsoft. Masharti mengine ni RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, TPM 2.0 na uwezo wa Secure Boot.

Kundi la kwanza ni la kompyuta ambazo prosesa yake imo kwenye orodha, ila TPM au Secure Boot imezimwa au haionekani. Hizi zina haki kamili ya Windows 11, na inasikitisha kuona mtu akiambiwa anunue nyingine.

Kundi la pili ni la prosesa za Intel za vizazi vya 4 hadi 7 na wenzao wa AMD. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya kompyuta mpakato za mtumba zinazouzwa kwetu, kama HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460, ambazo zote ni za kizazi cha 6. Zinaweza kuendesha Windows 11, lakini Microsoft haiziungi mkono. Soma Hatua ya 6 kabla hujaamua.

Kundi la tatu ni la Core 2 Duo na zilizotangulia. Toleo la 24H2 la Windows 11 na yanayofuata yanahitaji maelekezo ya prosesa yaitwayo SSE4.2 na POPCNT, na prosesa hizo hazina uwezo huo wote. Hakuna ujanja wa programu utakaouongeza. Kompyuta ya namna hiyo iwekee Linux Mint, ambayo inaridhika na RAM ya gigabaiti 2 ingawa 4 ni bora zaidi, nayo itaendelea kufungua intaneti na kuandika nyaraka.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Ikiwa aina ya mfumo inasomeka x86 badala ya x64, Windows 10 yako ni ya biti 32, na hata kama prosesa ni mpya huwezi kupandisha juu yake. Itakubidi uhifadhi faili zako kwingine na kusakinisha upya kutoka kwenye fleshi.

## Hatua ya 2: Hifadhi nakala, kisha shughulikia BitLocker

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue baadhi ya faili. Nakala ambayo haijafunguliwa kwingine bado haijathibitishwa.

Sasa fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

`manage-bde -status C:`

Ikiwa linasema diski haijafungwa, nenda Hatua ya 3. Ikiwa imefungwa, toa ufunguo wake:

`manage-bde -protectors -get C:`

Utaona tarakimu 48. Ziandike kwenye karatasi na uzipige picha kwa simu. BitLocker hulinda diski kwa kuilinganisha hali ya kompyuta na ile iliyohifadhiwa kwenye TPM, kwa hiyo ukibadilisha Secure Boot au TPM, inadhani kwamba diski imeibwa na kudai ufunguo. Wengi hufika hapo bila kujua kama ulikuwapo. Kwa kompyuta ya mtumba hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ufunguo unaweza kuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya aliyeiandaa kabla ya kukuuzia.

Ukishaupata ufunguo, simamisha ulinzi kwa muda wote wa kazi:

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`

Utajua umefaulu pale hali itakaposomeka "Protection Off". Faili zako bado ziko salama mahali pake.

## Hatua ya 3: Geuza diski kutoka MBR kuwa GPT

Ikiwa "BIOS Mode" ilisomeka UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha, ruka hatua hii. Ikiwa ilisomeka Legacy, hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wote, nakuomba usome polepole.

Windows iliyosakinishwa kwa mtindo wa Legacy hukaa kwenye diski iliyopangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski. Secure Boot hufanya kazi kwenye UEFI peke yake, na UEFI huwasha Windows kutoka kwenye diski iliyopangwa kwa GPT, mpangilio mpya. Ndiyo maana anayewasha Secure Boot diski ikiwa bado ni ya MBR huambiwa kwamba hakuna diski ya kuwakia. Diski ipo na ni nzima, ila UEFI haiwezi kuiwasha Windows iliyomo kwa mpangilio ule.

Kabla ya kugeuza, ingia kwenye BIOS kwa ajili ya kutazama tu, uhakikishe kwamba neno UEFI lipo miongoni mwa namna za kuwasha. Toka bila kuhifadhi chochote. Ukigeuza diski kwenye ubao usio na UEFI, Windows haitawaka tena.

Rudi kwenye dirisha la amri la msimamizi, ukaguzi utangulie:

`mbr2gpt /validate /allowFullOS`

Jibu jema ni "Validation completed successfully". Ukilipata, geuza:

`mbr2gpt /convert /allowFullOS`

Kazi huisha kwa muda mfupi, na haifuti faili.

Ukaguzi ukikataa, mara nyingi sababu ni patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. Chombo hiki hukubali patisheni kuu zisizozidi 3 na hukataa kabisa patisheni iliyopanuliwa, yaani ile inayobeba nyingine ndani yake. Kompyuta nyingi zilizopitia mikononi mwa mafundi wetu ziligawanywa diski C na D kwa mtindo huo. Fungua `diskmgmt.msc`, na ukiona D imezungukwa na mstari wa kijani, hiyo ndiyo inayozuia. Hamishia kila kilichomo kwenye diski ya nje, hakiki nakala, futa D, kisha ufute nafasi tupu ya kijani inayobaki. Rudia ukaguzi. D utaitengeneza tena baada ya kila kitu kukamilika.

Ukiona mwishoni onyo linalotaja WinRE, sehemu ya Windows ya urejeshaji, usiogope. Ukishafika Hatua ya 4 na Windows ikawaka, endesha `reagentc /disable` na kisha `reagentc /enable`.

Kuanzia sasa kompyuta haitawaka kwa mtindo wa Legacy. Usiizime uende kulala, endelea na hatua inayofuata papo hapo.

## Hatua ya 4: Badilisha BIOS, jambo moja kwa wakati mmoja

Washa upya huku ukibonyeza mfululizo kitufe cha BIOS. Kwa Dell na Acer huwa ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1, na kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Piga picha kila ukurasa.

Kwanza, badilisha namna ya kuwasha kutoka Legacy kuwa UEFI na uzime CSM. Hifadhi, washa, ingia Windows, na uhakikishe kwa `msinfo32` kwamba panasomeka UEFI. Usiguse kingine chochote kabla ya hapo. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na kompyuta ikagoma, hutajua lipi limeigomesha.

Onyo kwa wenye kompyuta za mezani: kadi ya picha ya zamani isiyoijua UEFI itaacha skrini nyeusi mara CSM inapozimwa. Zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya ubao kwa dakika chache ili BIOS irudi ilivyotoka kiwandani, kisha chomeka waya wa skrini kwenye tundu la ubao mama badala ya la kadi hiyo.

Pili, washa TPM. Kwenye ubao wa Intel jina huwa "PTT", kwenye AMD huwa "fTPM", na kwenye kompyuta mpakato mara nyingi utakuta "TPM Device" au "Security Chip". Usichague chochote chenye neno "Clear", kwani hilo hufuta funguo zilizohifadhiwa humo. Ikiwa `tpm.msc` inaonyesha toleo la 1.2, usikate tamaa mara moja. Baadhi ya kompyuta za Dell na HP za kizazi cha 6, zikiwemo mbili nilizozitaja, zina programu rasmi ya mtengenezaji inayoipandisha TPM yake kuwa 2.0. Itafute kwa namba ya kompyuta yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, soma maelekezo yake yote, na usiiendeshe bila chaja.

Tatu, washa Secure Boot. Ikiwa imepauka na haibofyeki, tazama kama CSM bado imewashwa. Kwenye Acer nyingi inabidi uweke kwanza nywila ya msimamizi wa BIOS, na nywila hiyo iandike, maana kuisahau ni tatizo kubwa kuliko hili tunalolitatua. Ikiwashwa lakini Windows ikaendelea kusema "Off", rudi uchague kurejesha funguo za kiwandani, ambazo kwenye menyu huitwa "default keys" au "factory keys".

Umefaulu pale `msinfo32` inaposoma UEFI na Secure Boot "On", na `tpm.msc` inaposoma 2.0. Kama mipangilio hii inapotea kila umeme ukikatika na saa inarudi nyuma miaka, betri ya ubao imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani huwa ni CR2032, ya bei ndogo. Ibadilishe sasa, kwa sababu baada ya diski kugeuzwa, BIOS inayorudi Legacy yenyewe itakuacha bila Windows kila mara.

## Hatua ya 5: Pandisha Windows

Kama kompyuta bado inatumia diski ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyo na kinachozunguka) kabla ya hatua hii ukiweza, kwa kuinakili diski yote kwa Clonezilla au programu nyingine ya kunakili diski. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, nunua SSD kabla ya RAM. Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka huchosha kiasi kwamba watu hurudi Windows 10 wakidhani prosesa ndiyo mbovu.

Chomoa printa, modemu na diski zote za nje. Ondoa programu ya kuzuia virusi iliyowekwa na kampuni nyingine, kwani hizo husababisha kushindwa kwingi. Kisha bofya mara mbili faili ya ISO na uendeshe "setup".

Hapa wengi hupotezewa programu zao bila kujua. Chaguo la kubaki na faili pamoja na programu hupauka ikiwa lugha ya ISO hailingani na ya Windows iliyopo. Kompyuta za mtumba kutoka Uingereza mara nyingi zina Kiingereza cha Uingereza, nasi hupakua ISO ya Kimarekani. Andika `dism /online /get-intl` na utazame lugha ya mfumo. Ukiona en-GB, pakua ISO iliyoandikwa "English International". Ukiona en-US, pakua "English (United States)". Usibonyeze kitufe cha kuendelea mpaka uone faili, mipangilio na programu zimechaguliwa kubaki.

Kazi huchukua saa moja au mbili kwenye SSD na zaidi ya hapo kwenye diski ya kuzunguka. Kompyuta itajizima na kujiwasha mara kadhaa, na asilimia inaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Taa ya diski ikiendelea kumetameta, iache.

Ikikataa, namba ya kosa ina maana. 0x80070070 ni upungufu wa nafasi. Zinazoanza na 0xC1900101 kwa kawaida hutokana na draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, hivyo sasisha draiva za picha, Wi-Fi na diski kutoka kwa mtengenezaji, kisha ujaribu tena.

## Hatua ya 6: Kwa wenye prosesa zisizo kwenye orodha

Hatua hii hufanywa kabla ya kuendesha "setup" ya Hatua ya 5. Kwa kompyuta yenye walau TPM 1.2, iliyokwisha kupita Hatua ya 3 na ya 4, andika kwenye dirisha la amri la msimamizi:

`reg add HKLM\SYSTEM\Setup\MoSetup /v AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU /t REG_DWORD /d 1`

Kisha endesha "setup" kama kawaida. Utaombwa ukubali kwamba kompyuta haitimizi masharti na kwamba huna haki ya kudai masasisho. Maneno hayo yana uzito. Masasisho ya kila mwezi kwa kawaida yameendelea kufika, lakini toleo jipya la kila mwaka halijileti lenyewe kwenye kompyuta hizi, na itakubidi urudie kazi kwa ISO mpya.

Pasipo TPM kabisa, programu ya bure iitwayo Rufus hutengeneza fleshi ya usakinishaji iliyoondolewa masharti hayo. Ndiyo itumike pia badala ya kunakili faili za ISO kwa mkono, kwa sababu fleshi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na iliyo kubwa zaidi ndani ya ISO huzidi hapo.

Ushauri wangu ni huu: kwa kompyuta ya nyumbani au ya mwanafunzi, njia hii inafaa. Kwa kompyuta inayoshika fedha za wanachama, kumbukumbu za wagonjwa au mishahara, siifanyi hata nikibembelezwa, kwa sababu siku sasisho litakapokataa hakuna wa kulalamikiwa. Hapo tafuta kompyuta ya kizazi cha 8, hata kama ni ya mtumba.

## Hatua ya 7: Mara baada ya kuingia Windows 11

Andika `winver` uone toleo, kisha `slmgr /xpr` uhakikishe kwamba imeamilishwa. Fungua `devmgmt.msc` na utafute alama za njano, ambazo ni draiva zinazokosekana. Jaribu sauti, kamera, Wi-Fi na printa siku hiyo hiyo.

Ukiona mambo hayaendi, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio ya urejeshaji. Siku hizo ni chache kwa ofisi, hivyo ziongeze mapema. Kikomo ni siku 60:

`dism /online /set-osuninstallwindow /value:30`

Katika muda huo usiruhusu programu ya kusafisha diski ifute folda ya Windows.old, maana hiyo ndiyo Windows 10 yako. Kama ulikuwa na BitLocker, irudishe kazini kwa `manage-bde -protectors -enable C:`, utoe tena ufunguo kwa amri ya Hatua ya 2, uulinganishe na tarakimu 48 za kwenye karatasi, na karatasi hiyo uiweke mbali na kompyuta.